Kituo cha redio cha mbali hakidai intaneti ya kasi kubwa

Wapenzi wengi wa redio za ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kama burudani, huamini kwamba huwezi kuendesha kituo ukiwa mbali bila intaneti ya faiba. Si kweli. Sauti ya mazungumzo kwenye masafa mafupi huchukua takriban kilohezi 3 tu, na kodeki (programu ya kubana sauti) ya Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, inaweza kuibana hadi kilobiti 6 kwa sekunde. Amri za kubadili masafa au kuzungusha antena ni maandishi mafupi. Kinachokula bando ni picha ya spektra, yaani mchoro wa mawimbi yaliyopo hewani, inayotiririka kwenye skrini; izime. Kwa FT8, mfumo wa kutumiana ujumbe mfupi kidijitali kwa redio, ni rahisi zaidi: kompyuta iliyo kando ya redio ndiyo inayochambua mawimbi, wewe unaletewa mistari ya maandishi.

Kinachosumbua hasa ni mtandao usiotulia. Pakiti za data zikichelewa mara hii na kuwahi mara ile, sauti hukatika hata kasi ikiwa kubwa, na herufi za Morse huvurugika. Hatari zaidi ni mtandao kukatika wakati unarusha mawimbi. Kanuni za Marekani hutaka urushaji usizidi dakika 3 kiungo cha udhibiti kikiharibika. Popote ulipo, funga kwanza kifaa cha kuzima urushaji, ndipo ufikirie kulipia kasi.