Je, wajua mita 60 za kuacha kutoka baharini hupimwa kuanzia wapi?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa, ukingo wa mto na bwawa. Dar es Salaam, kinamgusa mwenye kiwanja cha Mbezi Beach sawasawa na aliyejenga kwenye bonde la Mto Msimbazi. Namba yenyewe wengi wanaijua. Wanapokosea ni pa kuanzia.

Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, bahari ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ufuko ukiinuka mita 1 kwa kila mita 20, mita 3 hizo zinasogeza ukingo wa maji mita 60 nzima. Ukivuta futikamba maji yakiwa yamekupwa, msingi wako utaangukia palepale maji ya kujaa yanapofika. Na madalali, ajabu, hupenda kuonesha viwanja maji yakiwa mbali.

Kwa makadirio salama, nenda siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama, maji yakiwa yamejaa. Tafuta mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu, vijiti na makombe, uanzie hapo. Shikeni futikamba usawa, isilale na mteremko, maana mteremko hula mita. Vipimo vya kupeleka halmashauri afanye mpimaji aliyesajiliwa.

Kwa nini nafasi kubwa hivyo? Ufuko hautulii: pepo za kusi na kaskazi husukuma mchanga huku na huko, na mito huleta mwingine. Mchanga wa mtoni ukichimbwa kwa ujenzi, ufuko unakosa wa kujazia. Kunduchi bahari imekula ardhi kwa miaka mingi. Ukuta wa zege si dawa rahisi. Wimbi likiugonga hurudi na nguvu yake, likichota mchanga chini ya msingi hadi ukuta uiname. Ukisimama imara, mmomonyoko huhamia mwisho wa ukuta, yaani kwa jirani.

Mikoko ina ulinzi wake, hata ikiwa nje ya mita 60: ni msitu wa hifadhi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataja maeneo yake miongoni mwa ardhi hatarishi. Maeneo ya wazi nayo hulindwa na mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa. Kabla ya kulipa, mwombe afisa mipango miji wa halmashauri mchoro huo, ulinganishe namba ya kiwanja, matumizi na mipaka na ramani ya upimaji pamoja na hati. Risiti ya kodi ya jengo haihalalishi mahali. Katika bomoabomoa ya Msimbazi iliyoanza Desemba 2015, waliokuwa na leseni za makazi (vibali vya muda vya kumiliki ardhi) pia waliwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Halafu piga hesabu ya kinachobaki. Kiwanja kinachoanzia kwenye mstari wa maji ya kujaa na kuingia ndani mita 80 kinakuachia mita 20 tu za kujenga, na hapo hujatoa nafasi ya kuacha upande wa barabara.