Kabla hujasoma lebo ya wanja, uliza umetoka wapi

Jiwe la wanja wa manga la bibi yangu lilikuwa dogo kama kungumanga, lakini ukilitia kiganjani mkono unashuka. Akiligonga kwa mchi lilipasuka vipande vyenye pembe za mraba, vinavyometameta kama kioo. Alivisaga, akachekecha unga kwa kitambaa, akautia kichupani. Watoto wote wa nyumba ile tulipakwa kwa kijiti kimoja. Kichanga ambaye hajatimiza arobaini alichorwa nyusi na kutiwa doa kwenye paji la uso, kumkinga na jicho la hasidi.

Nilikutana na jiwe lile tena darasa la kemia. Mwalimu aliliweka mezani, nami nikalijua kabla hajalitaja. Ni galena, na galena safi ni risasi, ile metali nzito iitwayo "lead" kwa Kiingereza, kwa zaidi ya 86% ya uzito wake. Risasi ile ile iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli.

Ndiyo maana mtu akiniletea kipodozi, "Dada, hebu nisomee, hiki ni salama?", kwanza namuuliza alikipata wapi. Lebo inakueleza kile alichokusudia mtengenezaji kukitia. Uchafu uliokuja na madini haumo kwenye orodha, na wanja wa kichupa unaouzwa sokoni mara nyingi hauna orodha yenyewe.

Galena haiyeyuki kirahisi kwenye maji, kwa hiyo wengi hudhani inakaa juu ya ngozi tu. Lakini mtoto hujipikicha macho, kisha hunyonya vidole. Asidi ya tumboni inaivunja, risasi inaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Inaumiza ubongo unaokua, polepole, bila homa wala upele wa kukushtua. Kwa mama inajificha kwenye mifupa, na akishika mimba inaweza kurudi kwenye damu hadi kumfikia mtoto. Mwaka 2011 huko Boston, Marekani, kichanga wa familia yenye asili ya Nigeria alikutwa na risasi kwenye damu. Chanzo kilikuwa tiro, wanja wa kwao. Ulipopimwa, zaidi ya 80% ilikuwa risasi.

Linganisha na rangi ya mdomo, ambayo naulizwa kila wiki. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri risasi ndani yake isizidi sehemu 10 kwa milioni. Wanja ule wa Boston ulizidi mara elfu themanini.

Najua wengi hupaka kwa kufuata Sunna, na naiheshimu nia hiyo. Ila vipimo vya maabara vimeonyesha mara nyingi kwamba kinachouzwa leo kwa jina la ithmidi, wanja unaotajwa kwenye Hadithi za Mtume, ni galena. Ukiona kwenye kifungashio "galena", "lead sulphide" au "PbS", kirudishe.

Sasa lebo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, ila vilivyo chini ya 1% vyaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Rangi huja mwishoni kwa namba: CI 77499 ni oksidi nyeusi ya chuma, CI 77266 ni kaboni nyeusi. Kalamu ya wanja yenye moja kati ya hizo, namba ya toleo na jina la mtengenezaji, naweza kuijadili. Kama una mzio, tafuta neno "parfum", yaani manukato.

Kwenye krimu za kung'arisha uso, hofu yangu ni zebaki. Huandikwa "mercury", "calomel" au "mercurous chloride", na mara nyingi haiandikwi kabisa. Lakini kuna sentensi inayoifichua: onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au vito. Zebaki hushikamana na dhahabu na kuiharibu. Kitu kisichofaa kugusa pete yako unakipakaje shavuni?

Tanzania, usajili wa vipodozi uko Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, kwa hiyo bidhaa unaweza kuiulizia huko. Risasi na zebaki hazionekani kwa macho wala hazina harufu. Ni kazi ya maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kama umekuwa ukimpaka mtoto wanja wa manga, acha leo, mnawishe uso na mikono, kisha mwombe daktari kipimo cha risasi kwenye damu.

Mdogo wangu alipojifungua, mama alitoa kichupa cha bibi.

"Mama, huo una risasi."

"Na wewe ulipakwa, mbona umesoma?"

"Nimesoma, mama, ndiyo maana nakuomba."

Alinyamaza kitambo, kisha akanyoosha mkono nimpe kalamu niliyokuja nayo. Nyusi aliziacha. Doa la mtoto alilitia nyuma ya sikio, mahali ambapo vidole vyake havifiki.