Laptopu ya Gemu kwa Mwanafunzi wa Lubumbashi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mtoto wa dada yangu alipoanza mwaka wa kwanza wa politekniki katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ukoo ulichanga dola 800, kila mtu kwa uwezo wake, ili anunuliwe kompyuta itakayomfikisha mpaka mwisho wa masomo. Kwa kuwa ni kijana apendaye gemu za mpira na za magari, na kwa kuwa uhandisi nao unadai mashine yenye nguvu, tulikubaliana iwe laptopu ya gemu. Mimi niliombwa kumsindikiza madukani, kwa sababu kazi ya kufungua na kutengeneza kompyuta nimeifanya miaka mingi. Kwa siku tatu tulizunguka kuanzia katikati ya mji mpaka mtaa wa Kenya, na kila tulipoingia tulisikia maneno yaleyale kutoka kwa wauzaji, wazazi na wanafunzi wenyewe. Mengi kati ya maneno hayo si kweli, na mwanafunzi anayeyaamini huenda asipate tena fedha za kurekebisha kosa lake kabla ya kumaliza chuo.

Dhana: «Yenye i7 ina nguvu kuliko yenye i5.»

i5 na i7 ni majina ya prosesa za kampuni ya Intel, na prosesa ndiyo chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kibandiko cha i7 hakisemi chochote mpaka usome namba na herufi zinazokifuata. Prosesa ya Core i7-7500U, iliyotoka mwaka 2016, ina viini (sehemu za ndani zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) 2 tu, wakati Core i5-12450H ya mwaka 2022 ina viini 8 na inaiacha mbali sana katika kila kazi. Tarakimu za mwanzo zinataja kizazi, na herufi ya mwisho inataja kiasi cha umeme ambacho prosesa imeundwa kutumia: U ni ya matumizi madogo, H ni ya kazi nzito. Katika maduka ya kompyuta zilizokwisha kutumika, i7 za vizazi vya zamani ndizo zinazosifiwa zaidi, na ubaya wake hauishii kwenye kasi. Prosesa za Intel za kizazi cha 7, isipokuwa chache mno, hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, nayo Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025.

Dhana: «Hii ina kadi ya giga nane.»

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kadi inayosemwa ni kadi ya grafiki, yaani sehemu inayochora picha za skrini, na giga (GB) ni kipimo cha kumbukumbu yake. Katika duka moja, kijana wa mauzo alitufungulia dirisha la taarifa za kompyuta, akaweka kidole kwenye mstari ulioonyesha kumbukumbu ya grafiki ya GB 8 na ushee, akasema: «Papa, jionee mwenyewe, kadi ya giga nane, kwa dola mia sita.» Nilimwomba ruhusa, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaingia katika ukurasa wa utendaji na kuchagua sehemu ya grafiki. Kwenye Windows ya Kifaransa kuna mistari miwili inayopaswa kusomwa kwa makini: kumbukumbu iliyoandikwa «dédiée», yaani ya kadi yenyewe, na ile iliyoandikwa «partagée», yaani iliyoazimwa kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta nzima. Ya kwanza ilisoma MB 128. Ya pili ilisoma karibu GB 8, kwa sababu mashine ilikuwa na RAM ya GB 16 na Windows huruhusu takribani nusu yake iazimwe na grafiki. Kwa maneno mengine, hapakuwa na kadi yoyote ya gemu ndani ya mashine ile. Palikuwa na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa.

Yule kijana hakuwa mwongo. Alishtuka kama sisi, na naamini hivyo ndivyo alivyofundishwa kusoma. Kwa hiyo mnunuzi asitegemee maelezo ya mdomo hata yanapotoka kwa mtu mwaminifu. Afungue ukurasa huo mwenyewe, asome jina la kadi pamoja na mstari wa kumbukumbu yake. Kwa gemu za sasa na kwa michoro ya pande tatu, GB 6 za kadi yenyewe ni kiwango cha kuanzia kinachofaa, GB 8 ni bora zaidi, na GB 4 zitamlazimu mwanafunzi kupunguza ubora wa picha mapema.

Dhana: «Kadi zenye jina moja zina nguvu moja.»

Jina la kadi halitoshi, kwa sababu mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua kadi ipewe umeme kiasi gani. Kwa mfano, kadi iitwayo GeForce RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa kikomo popote kati ya wati 35 na wati 115. Laptopu mbili zinaweza kuwa na kibandiko kilekile, bei inayokaribiana, lakini moja ikawa nyembamba na kadi yake imebanwa kwenye wati 45, na nyingine ikawa nene, nzito, na kadi yake inaruhusiwa kufika juu kabisa. Tofauti inaonekana wazi gemu inapoanza. Ndiyo sababu namshauri mwanafunzi asikimbilie mashine nyembamba kwa uzuri wake tu, na aangalie chaja kabla ya kibandiko: mashine inayodai kadi kali huku chaja yake imeandikwa wati 120 haina mahali pa kupata umeme wa kuilisha hiyo kadi pamoja na prosesa kwa nguvu zote.

Vilevile kadi ya laptopu isilinganishwe na ya kompyuta ya mezani yenye jina lilelile. RTX 4070 ya mezani ina GB 12 za kumbukumbu, ya laptopu ina GB 8. RTX 4090 ya mezani ina GB 24, ya laptopu ina GB 16. Video za majaribio ambazo vijana huzitazama mara nyingi zimepigwa kwa kompyuta za mezani, na matumaini yanayojengwa juu yake huvunjika siku ya kwanza.

Dhana: «Umeme ukikatika, nitaendelea kucheza kwa betri.»

Kwa mkazi wa Lubumbashi hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa kuwa hapa umeme hukatika, na mara nyingine hauji usiku kucha. Betri za laptopu hazizidi wati-saa 100, kwa sababu hicho ndicho kikomo ambacho kanuni za usafiri wa ndege huruhusu abiria kubeba bila kibali maalumu, na nyingi za bei ya kati zina wati-saa 50 au 60. Mashine ikivuta wati 60 wakati wa gemu, betri ya wati-saa 60 inaisha ndani ya saa moja. Juu ya hayo, betri haiwezi kutoa umeme mwingi kama chaja, kwa hiyo kadi hupunguziwa nguvu mara tu waya unapochomolewa, na gemu iliyokuwa laini huanza kukwama.

Habari njema iko upande wa masomo. Mashine nyingi za gemu zina grafiki mbili: ile kubwa, na ile ndogo iliyo ndani ya prosesa. Mwanafunzi anapoandika kazi zake au kusoma vitabu, kadi kubwa inaweza kulala kabisa, matumizi yakashuka hadi wati 10 au 12, na betri ileile ya wati-saa 60 ikadumu kama saa tano. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba kadi kubwa inaweza kulazwa, na angalia kama mashine inakubali kuchajiwa kwa waya wa USB-C wa wati 65 au 100. Kwa mwanafunzi anayelala nyumba isiyo na umeme wa uhakika, tundu hilo dogo lina thamani kuliko taa za rangi za kibodi.

Wenye sola nyumbani wafanye hesabu kabla ya kuahidiana. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo unabaki na 600. Mashine inayovuta wati 150 katika gemu itazimaliza katika saa nne au chini ya hapo, tena bila taa, bila televisheni, na bila simu za majirani zinazoletwa kuchajiwa. Kazi za shule kwa wati 15 zinaweza kwenda usiku mzima kwa betri hiyohiyo na wengine wakabaki na mwanga. Nimeona familia ikigombana kwa jambo hili, na mama mmoja akizima inveta kwa hasira saa nne usiku huku mtoto akiwa katikati ya mchoro ambao hakuuhifadhi. Ingekuwa vyema hesabu hiyo ifanyike siku ya kununua.

Kuhusu volti zinazopanda na kushuka, chaja karibu zote zimeandikwa kwamba zinakubali volti 100 hadi 240, hivyo umeme dhaifu si hatari kubwa kwake. Kinachoua chaja ni mshtuko wa umeme unaporudi. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke.

Dhana: «RAM nyingi ndiyo kasi.»

GB 16 zinatosha kwa wanafunzi wengi, na namna zilivyopangwa ina uzito: vipande viwili vya GB 8 hupitisha data kwa kasi zaidi kuliko kipande kimoja cha GB 16. Uliza kama RAM imegandishwa kwenye bodi, kwa sababu hapo hutaongeza kamwe.

Dhana: «Laptopu ya gemu ni mchezo, haimfai mtu wa masomo.»

Dada yangu alikuwa na wasiwasi huu, na ni wasiwasi wa mzazi anayejua ada inavyopatikana. Nilimweleza kwamba kadi inayochora uwanja wa mpira ndiyo inayozungusha jengo katika Blender, au mashine ya pande tatu katika SolidWorks, ambazo ni programu za michoro. Mwanafunzi wa usanifu, wa ujenzi au wa migodi ataihitaji. Hata hivyo dhana iliyo kinyume nayo ni potofu vilevile, kwamba kadi kubwa huharakisha kila kitu: AutoCAD, programu ya michoro ya kiufundi, kwa sehemu kubwa hutegemea kasi ya kiini kimoja cha prosesa, na mwanafunzi wa sheria au wa uchumi hatapata faida yoyote ya kimasomo kwenye kadi hiyo. Huyo wa mwisho anunue laptopu nyepesi yenye betri ndefu, kama gemu si haja yake. Na yeyote anayesomea uhandisi asishawishike kununua Mac kwa umaridadi wake, kwa kuwa Revit (programu ya michoro ya majengo) na SolidWorks hazitengenezwi kwa ajili ya mfumo wake, na gemu nyingi pia hazipo huko.

Skrini nayo hupimwa vibaya. Vijana huuliza hezi 144, yaani skrini ibadilishe picha mara 144 kwa sekunde, ambazo ni nzuri, lakini wanaosomea usanifu waulize pia rangi: skrini nyingi za bei nafuu huonyesha asilimia 45 tu ya rangi za kipimo kiitwacho NTSC, na mchoro unaopendeza humo hutoka na rangi nyingine kabisa unapochapishwa.

Dhana: «Iliyotoka Dubai ni orijino, na bei ni nzuri.»

Inaweza kuwa orijino kabisa na bado ikakusumbua. Udhamini wa mtengenezaji mara nyingi unahusu nchi au eneo ilikouzwa, kwa hiyo ulizia kwa maandishi nani atakayeitengeneza hapa. Kibodi itakuja ya QWERTY, mpangilio wa herufi wa Kiingereza, pengine na herufi za Kiarabu, wakati sisi tumejifunza kuandika kwa AZERTY, ule wa Kifaransa. Unaweza kubadilisha mpangilio ndani ya Windows, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe zitabaki palepale. Plagi itakuwa ya pini tatu bapa, na adapta ya kichochoroni inayolegea kwenye soketi huku wati 200 zinapita humo ni jambo la kuogopwa. Nunua waya mzima wenye plagi ya hapa. Bei yake ni ndogo.

Kwa iliyokwisha kutumika, andika powercfg /batteryreport katika dirisha la amri. Windows itatengeneza ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Tulikuta mashine moja ikidaiwa kuwa «kama mpya» huku betri yake imebakiwa na chini ya nusu.

Dhana: «Ikipata moto, imeharibika.»

Prosesa hizi zimeundwa kuvumilia joto la nyuzi 95 hadi 100, na zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe. Adui wa kweli ni vumbi. Tangu Mei mpaka Septemba, vumbi letu jekundu huingia hata katika nyumba iliyofungwa, na mwanafunzi anayeweka laptopu juu ya godoro huziba matundu ya hewa kwa upande wa chini. Mwezi wa Oktoba, joto lilipozidi, mtoto wa dada yangu aliniletea mashine yake akisema: «Mjomba, gemu inakwama, na hata mchoro unakwama.» Nilipofungua kifuniko cha chini, kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupozea palikuwa na utando wa vumbi uliogandamana kama kipande cha blanketi, rangi ya tofali. Tuliutoa kwa kibanio, tukasugua kwa mswaki mkavu, tukapuliza huku nimeishika feni kwa kidole isizunguke. Kabla ya kazi ile prosesa ilikuwa ikisoma nyuzi 97 ndani ya dakika tano za gemu; jioni ile ilisoma 84, na sasa mashine inakaa juu ya meza, imeinuliwa nyuma kwa vipande viwili vya mbao.