Dawa za wazee kwenye makazi: maswali ya walezi na majibu yake

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipita kwenye makazi ya wazee huku pwani ya Tanzania. Maswali haya nimeulizwa na walezi. Wengi wao hawakusomea uuguzi. Walikuja kupika, kufua na kuwaogesha wazee, mwisho wakajikuta wameshika ufunguo wa kabati la dawa. Nimewajibu kama ninavyowajibu tukiwa tumekaa barazani.

Kwa nini mnatutisha na dawa ambazo vijana hununua dukani bila wasiwasi wowote?

Kwa sababu mwili wa mzee hautoi dawa kama wa kijana. Figo huchuja polepole, ini hupunguza kasi, maji ya mwili hupungua na mafuta huongezeka. Chukueni diazepamu, ile ya usingizi. Kwa kijana wa miaka 20 nusu ya dawa huwa imetoka mwilini baada ya saa 20 hivi. Kwa mzee wa miaka 80 inaweza kufika saa 90. Mkimpa kila usiku, ya leo inaikuta ya juzi bado ipo. Wiki ya pili babu anasinzia kwenye sahani, anayumba akienda msalani, nanyi mnasema uzee umemzidi.

Piriton nayo imezoeleka mno. Mzee akijikuna, Piriton. Akikosa usingizi, Piriton. Kwa umri ule inakausha mdomo, inafunga choo, inamchanganya akili, na babu mwenye tezi dume iliyovimba inaweza kumzibia mkojo kabisa. Mwaka 1991 daktari Mmarekani Mark Beers alianzisha orodha ya dawa zisizofaa wazee, na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinaihuisha mpaka leo. Diazepamu imo, Piriton imo, na glibenklamidi ya kisukari imo, kwa kuwa hushusha sukari kwa muda mrefu.

Halafu kuna diklofenaki ya maumivu ya magoti. Mzee anayetumia enalaprili au losatani ya presha pamoja na dawa ya kukojoza maji, mkimwongezea diklofenaki mnaweza kumharibia figo ndani ya siku chache. Kwa magoti anzeni na Panadol kwa kipimo alichopangiwa, na kabla ya kumpa angalieni kama hajapewa dawa ya mafua, maana nyingi zina Panadol ndani yake.

Bahasha imeandikwa "2x1". Tunampa vipi?

Hamumpi mpaka mmeuliza. Hapa nitakaa kidogo, maana makosa mengi niliyoyaona hayakutokana na dawa kali. Yalianzia kwenye kalamu.

Wengi wetu tumezoea kusoma "1x3" kama kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Lakini yupo anayetanguliza mara na kumalizia na idadi ya vidonge. Kwake "2x1" ni mara mbili, kidonge kimoja kimoja. Kwako ni vidonge viwili kwa mpigo. Kwa hesabu ya darasani jibu ni lile lile, viwili kwa siku. Mwilini ni mambo mawili tofauti. Niliwahi kuitwa kwa bibi aliyepewa vidonge vyake viwili vya nifedipini, ile ya presha, pamoja usiku, badala ya kimoja asubuhi na kimoja jioni. Aliamka kwenda haja ndogo, presha ikawa imeshuka, akaanguka mlangoni. Mlezi hakuwa mzembe. Alisoma kama sote tunavyosoma.

Mtego wa pili ni saa. Karatasi ya hospitali ikiandikwa 8:00, ni saa mbili asubuhi. Mlezi mgeni akiona "8" anasubiri saa nane mchana, na dawa inachelewa saa sita. Kinyume chake pia hutokea: "2" ya hospitali, iliyokusudiwa saa nane mchana, inatolewa saa mbili asubuhi pamoja na ile ya asubuhi.

Kwa hiyo dawa ikifika, kabla haijaingia kabatini, mtu mmoja aihamishie kwenye daftari la dawa kwa maneno kamili: "kidonge KIMOJA asubuhi baada ya chai, kidonge KIMOJA usiku baada ya chakula". Andikeni na dawa ni ya nini. Mtu wa pili asome bahasha na daftari kwa sauti. Palipo na shaka, pigeni simu duka la dawa au hospitali ilikotoka.

Na kama kuna dawa inayomezwa mara moja kwa wiki, andikeni jina la siku kwa herufi kubwa. Metotreksati ya baridi yabisi ni ya mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku inaua.

Tuko wachache. Tunaweza kupanga dawa za siku nzima kwenye vikombe asubuhi?

Hapana. Kikombe hakina jina la dawa, na paka akikiangusha hakuna atakayejua kipi kilikuwa cha nani. Toeni dawa kwenye bahasha yake mkiwa mbele ya mzee, na daftari likiwa wazi.

Tunawafahamu wazee wetu wote. Lazima tuulize jina kila siku?

Ulizeni. Huku kwetu kwenye nyumba ya watu ishirini hamkosi kina Bi Fatuma wawili na Mzee Juma watatu. Tena msiulize, "Wewe ndiye Bi Fatuma?" Bibi asiyesikia vizuri atatikisa kichwa kwa adabu tu. Mwamkie kwanza, shikamoo bibi, kisha umwombe akutajie jina lake na la baba yake. Asiyeweza kutaja, bandikeni picha yake kwenye ukurasa wake wa daftari.

Kinachofuata ni kusoma daftari, kusoma bahasha, kumkalisha wima, kumpa maji ya kutosha, kungoja mpaka ameze, kisha kutia sahihi. Sahihi ni baada ya kumeza. Nimekuta madaftari yaliyotiwa sahihi ya usiku ilhali ni saa kumi jioni! Anayegawa dawa asiitwe jikoni wala asishike simu. Nyumba moja walimvalisha mgawaji kanga nyekundu begani, na ukiiona humsemeshi. Nilicheka, lakini ilifanya kazi.

Bibi hataki kumeza. Tunaponda na kuchanganya kwenye uji. Kuna ubaya?

Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni wa dawa yenyewe. Vidonge vingine vimetengenezwa kuachia dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Nifedipini za aina hiyo mkiziponda, dawa yote inatoka mara moja. Vingine vimepakwa ngozi ya kuvilinda na tindikali ya tumbo, na punje za ndani ya omeprazoli, ile ya vidonda vya tumbo, zimelindwa hivyo hivyo. Muulizeni mfamasia kabla ya kugusa kinu, na mara nyingi atawatafutia ya maji. Tena kinu kile kile kikipita dawa ya mtu mwingine, mabaki yanakwenda kwa bibi huyu.

Ubaya wa pili ni wa heshima. Mzee mwenye akili timamu anayo haki ya kukataa. Mkimfichia dawa kwenye uji, siku atakapogundua ataacha uji pia. Kwanza mwulizeni sababu: pengine kidonge ni kikubwa, pengine kinamtia kichefuchefu, pengine dawa ya kukojoza inamfanya ajilowanishe mbele ya wenzake, na angeimeza bila ubishi kama angepewa asubuhi. Kama ana ugonjwa wa kusahau na kweli haelewi, uamuzi wa kumfichia haufanywi jikoni. Wakae daktari, mfamasia na ndugu, na uandikwe.

Tumesahau dozi ya asubuhi. Jioni tumpe mbili?

Msimpe mbili. Kwa dawa nyingi za kila siku, mkikumbuka mapema mpeni. Ikiwa muda wa dozi inayofuata umekaribia, iacheni, muandike kwamba ilirukwa na kwa nini. Insulini na dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, msiziamulie wenyewe. Pigeni simu.

Umeme unakatika na friji yetu ni ya jikoni. Insulini tuiweke wapi?

Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka nyuzi 2 hadi 8. Ziwekeni katikati ya friji, mbali na barafu, maana insulini iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban siku 28, ila joto lisizidi nyuzi 30. Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam au Tanga, chumba chenye bati juu kinazidi hapo kila mchana. Chungu cha udongo kilicholowanishwa, kikawekwa kivulini penye upepo, kinasaidia kweli. Insulini ikae kwenye kopo kavu ndani yake. Andikeni tarehe ya kufungua juu ya chupa.

Bomba la sindano liwe la insulini tu. Insulini yenu nyingi ina uniti 100 kwa kila mililita moja, na bomba la kawaida halina alama za uniti. Na sindano isitangulie chakula ambacho hamjakiona. Kama mpishi amechelewa, insulini nayo ingoje.

Babu ana kisukari na amesema Ramadhani hii atafunga.

Swali hili lijibiwe Rajabu, wiki sita hadi nane kabla ya mwandamo. Mpelekeni kwa daktari, na ikiwezekana imamu anayemwamini awepo kwenye mazungumzo, kwa sababu babu hatamsikiliza kijana wa kliniki peke yake. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na Suratul Baqara aya ya 184 imetaja fidia ya kulisha maskini. Mzee anayechoma insulini mara kadhaa kwa siku, au mwenye figo mbovu, hashauriwi kufunga.

Daktari akimruhusu, atabadilisha ratiba nzima: dozi zinahamia futari na daku, na vipimo huwa havibaki vile vile. Andikeni ukurasa mpya. Msichore mishale kwenye ule wa zamani. Pimeni sukari mchana; wanazuoni wengi wanasema kuchoma kidole hakuharibu saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6 kwa mashine inayosoma mmol/L, anafungua hapo hapo, hata kama magharibi imebaki dakika kumi. Siku ya Idi mnarudi kwenye ukurasa wa kawaida, na hiyo ndiyo siku walezi husahau.

Ndugu wanaleta dawa na miti shamba, nasi tunaona haya kukataa.

Msikatae, pokeeni na muandike. Mkimfokea binti aliyesafiri kutoka Lindi na chupa ya muarobaini, safari ijayo ataiingiza ndani ya kanga na hamtaiona. Muarobaini na habasoda vinaweza kushusha sukari, na mzee tayari ana dawa inayoishusha. Antibayotiki za dukani nazo ni hivyo hivyo: Flagyl ikikutana na warfarini, mzee anaweza kuvuja damu. Mwambieni binti kwamba chupa itangoja kabatini mpaka daktari aione. Na siku ya kubadilisha shuka, tazameni chini ya mito. Hamtakosa vidonge vilivyotunzwa "kwa ajili ya kesho".

Mzee mmoja ana dawa kumi. Zote zinahitajika?

Mara nyingi hapana, lakini hakuna anayekumbuka nani aliandika ipi. Kliniki ya presha imeongeza yake, miguu ikavimba kwa sababu ya dawa hiyo, zahanati ikaandika ya kukojoza, mkojo ukamkosesha usingizi, akapewa ya usingizi. Dawa tatu, tatizo moja.

Msidhani ni shida yetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2009 uliwafuatilia wazee 256 katika makazi 55, kwa wastani wa dawa nane kila mmoja, na karibu 7 kati ya kila 10 walikutwa na kosa la dawa angalau moja. Nyinyi mnaofanya kazi hii huko Ulaya na Marekani mnajua kwamba karatasi nyingi hazijamaliza kazi.

Angalau mara moja kwa mwaka, na kila mzee anaporudi kutoka kulazwa, pelekeni bahasha zote kwa daktari mmoja. Zote, pamoja na za chini ya mto. Muulizeni kwa kila moja: hii bado ya nini, na ipi tunaweza kupunguza? Lakini msizikatishe wenyewe. Dawa za kifafa, za moyo na za usingizi zilizotumika muda mrefu zina madhara yake zikiachwa ghafla.

Nimempa mzee dawa ya mwenzake. Nikisema nitafukuzwa.

Sema sasa hivi, maana dakika unazojificha ndizo anazozihitaji yeye. Usimtapishe. Mwangalie anavyopumua na anavyojibu, pima presha na sukari, na umpigie daktari au zahanati bahasha zote mbili zikiwa mkononi: aliyopewa na aliyostahili. Andika daftarini saa halisi. Mwambie mzee mwenyewe na ndugu zake. Msimamizi anayesoma hapa, ukimfukuza huyu, wa pili atanyamaza. Na ikiwa dawa imemletea mzee madhara, hata kama ilitolewa sawasawa, mwombeni mtoa huduma wa afya ajaze fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania.

Ikiwa aliyopewa kwa makosa ni glibenklamidi, usitulie kwa kuwa saa mbili zimepita salama. Sukari inaweza kushuka hata siku ya pili, kwa hiyo pahali pake ni hospitali. Mkiwa njiani, akitoka jasho, akitetemeka au akiongea asivyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, na dereva aongeze mwendo.