Kelele haziondoki kwa kuongeza wati jamani

Kila wiki lazima aje mtu na redio koli yake mkononi, awe mlinzi, mtu wa hoteli au wale wa maharusi na matamasha, na wote wimbo mmoja: "fundi, nikiongea wenzangu wanasikia makelele tu, hebu niongezee wati." Ukimuuliza kelele za namna gani, hajui. Zinatokea ukiwa wapi, hajui. Anachojua ni wati. Ukimkatalia anaenda zake Kariakoo ananunua antena ndefu kuliko redio yenyewe, afu anarudi kelele zikiwa palepale na hasira juu.

Tuanze na hiyo maana ndo inayonichosha kuliko zote: kwamba sauti yangu ina kelele kwa sababu redio yangu haina nguvu.

Kelele ziko za aina mbili na wati zinagusa aina moja tu. Ya kwanza ni ile shaaa inayotokea mawimbi yakifika kwa mwenzio yamechoka, uko mbali, uko parking ya chini ya ardhi, kuna ukuta wa zege katikati. Hapo sawa, wati na antena vinasaidia, ila sio sana kama mnavyodhani, kutoka wati 1 kwenda 5 ni desibeli 7 tu (desibeli ni kipimo cha tofauti ya nguvu ya mawimbi), na mara nyingi ukitoka nyuma ya ukuta au ukapanda ghorofa moja unapata zaidi ya hapo bila kulipa hata shilingi. Utaitambua hii kwa sababu inabadilika ukitembea. Hatua mbili kushoto imepungua, hatua mbili kulia imerudi.

Ya pili imeingia KABLA sauti haijarushwa, na ndo wengi mnayoniletea. Redio koli za analogia tunazotumia karibu zote ni FM, maana yake kinachotoka kwenye maiki ndo kinachosukuma masafa (frikwensi, sio umbali) huku na huku, na kwenye chaneli nyembamba ya 12.5 kHz mwisho wa kusukuma ni 2.5 kHz kila upande. Ukiongea masafa yanacheza. Feni ikivuma mbele ya maiki yanacheza. Waya uliokatika nusu ukiwa unagusa na kuachia, yanacheza. Redio ya upande wa pili haina akili ya kujua huyu ni wewe na ile ni feni, inachukua vyote inatoa kwenye spika. Edwin Armstrong alipopata hati miliki ya FM kule Marekani mwaka 1933 alikuwa anapambana na kelele za njiani, radi na cheche za mitambo, hakuahidi kusafisha uchafu ulioutia mwenyewe kwenye maiki. Mwenye mafua ukimpa spika kubwa, mtaa mzima utasikia mafua.

Tena wati nyingi zinaweza kuzidisha ubaya, hii wengi hawaiamini mpaka niwaonyeshe. Waya wa spika maiki, ile spika yenye maiki ndani unayoibana kifuani na kuichomeka kwenye redio, nao ni antena. Kwenye bendi ya UHF, masafa ya 450 MHz, robo ya wimbi ni kama sentimita 17 hivi, sasa angalia waya wako wa spika maiki ulivyo mrefu na unapita sentimita chache kutoka kwenye antena ya redio iliyo kiunoni. Ukibonyeza PTT, kile kitufe cha kuongelea, kwa nguvu ya juu mawimbi yako mwenyewe yanaingia kwenye ule waya, yanafika kwenye kile kitransista kidogo cha maiki, yanatoka kama muungurumo au sauti inapasuka. Ukishika waya inabadilika, ukiusogeza inabadilika. Dawa yake ni kushusha nguvu au kuweka ferite (kile kipande cheusi cha sumaku kinachovishwa kwenye waya kuzuia mawimbi) karibu na pini, au kutafuta spika maiki yenye waya wenye shildi ya kweli, yaani ngao ya chuma inayozuia mawimbi yasiingie. We unaniambia niongeze wati?

Kabla hujaja kwangu fanya hivi nyumbani, bure kabisa. Mpe mtu redio ya pili aende nayo kama mita 30 avae hedifoni, msikae bega kwa bega maana itapiga mluzi na mtalaumu redio bure. Bonyeza PTT usiongee kitu, hesabu polepole mpaka tano. Kama anasikia kimya kabisa ila ukiongea ndo inakwaruza, basi labda unapiga kelele mdomo ukiwa juu ya maiki, au redio moja imewekwa chaneli pana ya 25 kHz na nyingine nyembamba, na hiyo ni kazi ya programu, sio ya wati. Kama anasikia muungurumo hata hujafungua mdomo, ziba tundu la maiki kwa kidole. Ikipungua, hizo ni kelele za hapo ulipo, jenereta, upepo, muziki. Isipopungua chomoa spika maiki utumie maiki ya redio yenyewe, ikipona umeshampata mwizi. Bado? Shusha nguvu iwe ya chini kabisa. Kelele zikipotea hapo, ni yale mawimbi yanayorudi kwenye maiki niliyoyasema. Na kama mnatumia ripita, ule mtambo unaopokea mawimbi yenu na kuyarusha upya, jaribio lote mlifanye redio kwa redio, msije mkanifungulia redio nzima kumbe ripita ndo mgonjwa.

Kuna kampuni moja ya ulinzi ilileta redio zake zote, malalamiko sauti ndogo na shaaa kubwa. Walikuwa wameshafanya yote, nguvu ya juu, antena mpya, na kijana wao wa kompyuta kaingia kwenye programu kapandisha geini ya maiki, yaani kiwango cha kukuza sauti, mpaka mwisho. Nikachukua redio moja nikaigeuza kwenye mwanga. Kuna stika. Ile ya mali ya kampuni, yenye namba ya redio, nyeupe, imebandikwa vizuri kabisa mbele pembeni ya spika, na chini yake ndo lilipo tundu la maiki ambalo ni dogo kama ncha ya kalamu. Sauti inapita kwa shida, mlinzi anasikika kwa mbali, geini inapandishwa, na geini ikipanda inapandisha kila kitu, kelele za jenereta na zile za saketi yenyewe. Nikabandua stika nikabandika mgongoni kwenye betri, nikarudisha geini ya katikati. Yule bwana akaniuliza sasa zile antena tulizonunua tufanyie nini. Mi sikuwa na jibu.

Hizo imani nyingine mnazoniletea nazipitia harakaharaka.

"Tundu limeziba, chokonoa kwa sindano." Tafadhali! Nyuma ya tundu kuna kitambaa au mpira, na nyuma yake kuna kapsuli ya maiki ambayo ina utando mwembamba sana ndani, ukipenyeza sindano umeshaua. Na kama redio ni ya IP67, yaani haiingizi vumbi na inavumilia maji ya mita 1 kwa dakika 30, ile uliyoichokonoa sio IP67 tena, mvua ya kwanza tu tutaonana. Brashi laini ya meno, kavu, tundu likiangalia chini. Basi.

"Punguza skwelchi ili wanisikie safi." Skwelchi, ile inayoinyamazisha spika yako wakati hakuna anayerusha, ni ya kupokea. Volyumu nayo ni ya kupokea. Zungusha mpaka kidole kiote sugu, sauti unayorusha haibadiliki hata chembe.

"Weka toni, inachuja kelele." Toni ya CTCSS, mlio mdogo wa chini unaorushwa pamoja na sauti yako, haichuji kitu, inaifungulia mwenzio spika pale toni sahihi inapofika na kuifunga isipofika, hayo tu. Kelele zako zinaingia pamoja na wewe mlango ukifunguliwa. Afu toni yenyewe inaweza kuwa ndo muungurumo mnaoulalamikia, kwa sababu toni hizi huanzia 67 Hz hadi 254.1, na redio za bei rahisi zinashindwa kuzichuja zile za juu kwani ziko karibu mno na sauti ya mtu. Kama mmewekewa 241.8 au 254.1 na mnasikia mmmm chinichini muda wote mtu anapoongea, badilisheni mchukue toni ya chini afu msikilize tena.

"Betri imechoka ndo maana inakwaruza." Betri iliyochoka, zile za volti 7.4, ukibonyeza PTT inaanguka na redio inajikata au inapiga ile bipu ya kukutukana. Kukwaruza mara nyingi ni vile vibati vya mgongoni vimechafuka, au betri inacheza kwenye kitako chake. Ila ukisikia mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, na redio umeichomeka kwenye soketi ya kiberiti cha gari, huo ni wa altaneta. Chomoa, tumia betri, uone kama haujaisha.

"Ukitaka usikike, piga kelele." Redio ina kizuizi kinachokata sauti ikizidi, kwa hiyo ukipaza inakatwa vichwa na inatoka imepasuka. Sentimita 3 mpaka 5, ongea kawaida, na pitisha sauti pembeni ya maiki sio kuipulizia. Hii ningepewa ruhusa ningeibandika getini kila mahali (sio juu ya maiki lakini).

"Tununue za dijitali, hazina kelele." Ile shaaa kweli inapotea. Ila dijitali zimetengenezwa kuelewa sauti ya binadamu, ukiiongelea karibu na jenereta au kwenye upepo inachanganyikiwa, inatoa sauti ya roboti anayezama. Kwa hiyo maiki chafu kwenye dijitali ni maiki chafu iliyogharimu zaidi.

Sisi wa pwani tuna mgeni wetu wa peke yetu, chumvi. Zile spika maiki za pini mbili, ya mm 2.5 na ya mm 3.5, nikichomoa za hoteli za ufukweni nakuta utando wa kijani shingoni mwa pini, nusu moja imefifia na nusu inang'aa pale inaposuguana. Izungushe kidogo ukiwa umebonyeza PTT, krrr krrr, ndo hiyo kelele yenu. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha manyoya. Sio petroli, sio msasa, msasa unakwangua ile ngozi ya juu ya pini na kutu inarudi kwa kasi mpya.

Na kingine, kitochi. Mlinzi anaweka simu kwenye mfuko wa shati na spika maiki kaibana palepale juu ya mfuko, simu za 2G zinarusha kwa vipande kama 217 kila sekunde na maiki inavisikia vyote, ndo ile dididit dididit, dididit, inatokea meseji ikitaka kuingia. Watu wameniletea redio kwa hili. Hamisha simu mfuko wa suruali.

Ukiamua kuja kwangu baada ya yote hayo, njoo na spika maiki yake ileile mnayoitumia kazini, msiniletee redio tupu mkaacha spika maiki getini eti inatumika. Kama ni lazima kimoja kibaki, acheni redio.