Upungufu wa vitamini B12 na kumbukumbu uzeeni

Mzee anapoanza kurudia swali lile lile mara kwa mara, kwa kawaida watu hudhani ni umri tu au ni dalili ya ugonjwa wa Alzheimer. Sababu moja isiyozungumzwa sana, ingawa hubainika kwa kipimo cha damu na hutibika ikiwahiwa, ni upungufu wa vitamini B12.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 tu za vitamini hiyo kwa siku, lakini kiasi hicho kidogo ndicho kinachouwezesha mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu na kutunza utando wa mafuta unaozifunika neva kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Utando huo ukiharibika, mtu huanza kuhisi ganzi miguuni, mwendo wake huyumba, na kumbukumbu pamoja na wepesi wa kufikiri hupungua. Dalili hizo zinaweza kujitokeza hata kama mgonjwa hana upungufu wa damu, na hapo ndipo wengi hushindwa kuutambua ugonjwa.

Vitamini B12 hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, lakini kula vyakula hivyo hakutoshi. Ndani ya chakula vitamini hiyo imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo inayoitenganisha. Kisha protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo huiwezesha kufyonzwa mwishoni mwa utumbo mdogo. Kwa wazee wengi ukuta wa tumbo huchakaa na asidi hupungua, hivyo mtu anaweza kula vizuri kila siku na bado akapungukiwa. Walio katika hatari zaidi ni wanaotumia metformini kwa miaka mingi kutibu kisukari, wanaotumia dawa za kupunguza asidi kwa muda mrefu, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama. Kwa kuwa ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, tatizo huja taratibu mno kiasi kwamba hakuna anayeweza kutaja siku lilipoanza.

Hata hivyo, kuziba pengo na kuongeza juu ya kilichotosha ni mambo mawili tofauti, na matangazo ya vidonge vya kuimarisha akili huyachanganya, nadhani kwa makusudi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitamini B, vitamini E na vidonge vyenye mchanganyiko wa virutubisho visipendekezwe kama njia ya kupunguza hatari ya akili kudhoofika. Foleti (vitamini B9) nyingi ya vidonge inaweza hata kuficha upungufu wa B12, kwa kuirekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika.

Kwa upande wa mlo, shirika hilo hilo lilikubali kwamba ulaji wa mboga za majani, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni unaweza kupendekezwa. Nchini Finland, utafiti wa FINGER, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia wazee wapatao 1,260 kwa miaka miwili. Waliopewa mpango wa lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na udhibiti wa afya ya moyo na mishipa ya damu walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili. Mambo hayo yalitolewa pamoja, kwa hiyo sifa zote haziwezi kupewa sahani peke yake.

Upungufu wenyewe ukithibitishwa, daktari huanza na sindano au vidonge vya dozi kubwa. Dozi kubwa hufaa kwa sababu takriban asilimia 1 ya vitamini hupenya ukuta wa utumbo bila msaada wa ile protini ya tumbo, na asilimia 1 ya mikrogramu 1,000 inatosha mahitaji ya siku. Kumbukumbu huweza kuimarika kwa kiasi kinachotegemea muda ambao upungufu umedumu, kwani neva zilizoumia kwa muda mrefu hazipati nafuu kamili.