Mstari wa Mita Sita Ni wa Sakafu, Si wa Hewa

Robo fainali ya mpira wa mikono kwa wanaume katika Olimpiki ya Paris 2024, ambapo Misri ilishindwa na Uhispania 29-28 baada ya muda wa nyongeza, niliitazama katika kibanda cha chai hapa Jinja. Kila winga aliporuka na kutua mbele ya kipa, kibanda kizima kilipiga kelele: "Amekanyaga! Hilo si bao!" Nimechezesha mchezo huu mashuleni kwa miaka kumi na miwili, na sentensi hiyo nimeisikia kupita kiasi.

Eneo la kipa, lile lililozungushiwa mstari wa mita sita mbele ya goli, wachezaji wengine hukatazwa kugusa sakafu yake tu. Mwenye mpira akiruka kutoka nje ya mstari, yuko huru hewani. Akiuachia mpira kabla hajatua, bao ni halali, hata akidondokea miguuni pa kipa, mradi asimuumize. Mstari wenyewe ni sehemu ya eneo, kwa hiyo ncha ya kiatu ikiugusa kabla ya kuruka, kosa limetendeka. Kwamba mwenye mpira hapigi zaidi ya hatua tatu wala haushiki zaidi ya sekunde tatu mnajua, sirudii.

Goli lina upana wa mita 3 tu. Winga aliyebanwa kwenye kona huona upenyo mwembamba kama ufa wa mlango, na dawa yake ni kuruka kuelekea katikati ili upenyo upanuke. Mkimnyima hewa hiyo, winga hana kazi uwanjani. Hata kempa, iliyopewa jina la Mjerumani Bernhard Kempa, ambapo mchezaji hudaka pasi akiwa juu ya eneo hilo na kurusha kabla ya kutua, isingekuwepo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba, wakati wote wanamkodolea macho mshambuliaji, hakuna anayemtazama beki. Beki anayerudi nyuma, akaweka mguu mmoja ndani ya eneo ili amzibe winga, ndiye mkosaji. Na akiharibu nafasi ya wazi ya kufunga, ni penalti ya mita 7. Nikiitoa, wale wale waliokuwa wakidai mstari uheshimiwe huniuliza nimelipwa shilingi ngapi.

Hata hivyo, nakiri kwamba kitabu cha sheria huandika "kabla ya kutua" kana kwamba jicho la mwanadamu linaweza kutazama vidole vya mkono na vidole vya mguu kwa wakati mmoja. Mimi hutazama mkono, kisha husikiliza kishindo cha kiatu. Kwenye viwanja vyetu vya vumbi, ambako chokaa ya asubuhi huwa imefutika kufikia saa sita mchana, kishindo chenyewe hakisikiki, na yapo mabao niliyoyakubali ambayo sina hakika nayo mpaka leo. Kocha mmoja aliyefungwa hivyo hunisalimu kila tukutanapo kwa kuniuliza hali ya masikio yangu.